Daftari la Vipande vya Sare

Walisema sitaweza. Nayaandika maneno yao kama yalivyotoka vinywani mwao, maana wenyewe wako hai na wanajua kusoma.

"Picha za rangi? Huyu? Huyu alifukuzwa shambani kwa babu yake kwa kuchuma kahawa mbichi!"

Aliyesema hivyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya Watanzania wa upande wetu wa London, yaani Hounslow na jirani zake. Hakuna harusi, sendofu ya kumuaga bibi harusi wala ubatizo uliopita bila yeye kushika kipaza sauti. Kwa bahati yangu mbaya tulitoka wilaya moja, Mbozi, na tulikaa dawati moja shule ya msingi. Kwa hiyo alikuwa na habari zangu ambazo wengine hawakuwa nazo.

"Na lenzi yenyewe ya kuazima," akaendelea, akiinyooshea kidole kamera iliyoning'inia kifuani mwangu. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, bwana mdogo."

Ukumbi mzima ukacheka. Nilikuwa na sahani ya pilau mkono mmoja na soda mkono wa pili, na sikuwa na pa kuziweka, kwa hiyo nikasimama hivyo hivyo wakacheka mpaka wakamaliza.

Habari ya kahawa ni kweli na sina haya nayo. Kwetu kahawa huchumwa ikiwa nyekundu. Ya kijani unaiacha mtini. Mimi nilichuma zote, kwa sababu machoni mwangu zote zilikuwa za rangi moja, kama udongo uliolowa. Babu alidhani ni uvivu, baadaye akadhani ni ukaidi, mwisho akanipeleka kuchunga mbuzi. Jina la tatizo langu nililijua nikiwa mtu mzima, nilipoomba kazi ya reli. Daktari alinifungulia kitabu cha madoa akaniuliza naona tarakimu gani. Niliona madoa. Akaandika: upofu wa rangi. Kazi ya reli ikafia pale pale mezani.

Mwingine angekaa chini alie. Mimi nilikwenda chuo, nikachukua stashahada ya ugavi, nikamaliza wa tatu katika darasa zima, kisha nikapanda ndege kwa nauli niliyojitafutia mwenyewe. London nikapata kazi kwenye ghala linaloandaa vyakula vya abiria, karibu na uwanja wa ndege. Pale trei za nyama zilibandikwa karatasi nyekundu na za wasiokula nyama karatasi ya kijani. Wenzangu waliangalia rangi. Mimi nilisoma maandishi madogo kama sisimizi yaliyokuwa pembeni. Miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kupeleka trei ya nyama kwa mla majani, na msimamizi wangu hakujua kamwe kwamba rangi zake sizioni. Wenzangu wenye macho mazuri walikosea mara nyingi. Mimi sikukosea.

Sasa, kamera.

Southall kulikuwa na duka dogo la kutengeneza kamera, kati ya muuza vito na muuza peremende. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kisikh mwenye kilemba, mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru hasa. Niliingia siku ya mvua kujikinga tu. Nilipotoka nilikuwa nimenunua kamera kuukuu, iliyochubuka kona zote kama goti la mtoto, lakini haikuwa na lenzi.

"Lenzi nzuri nikikuuzia leo, mwezi huu wote utalala njaa," mzee akasema. Akavuta droo, akatoa lenzi fupi, nzito, iliyofungwa kwa kitambaa. "Chukua hii. Sikupi, nakuazima. Siku ile utanunua yako, urudishe."

"Mzee, hata jina langu hujui."

"Jina nitafanyia nini? Sura nimeona. Enda."

Huyo alikuwa mtu wa kwanza kuniazima. Wa pili alikuwa mwenzangu wa kazini, Mkongo wa Bukavu aliyekaa Rayners Lane, ambaye aliniletea kompyuta yenye programu ya kuhariri picha. "Kamata hii masini, ndugu," akasema. "Miye naitumia kwa kutazama mpira tu. Utarudisha siku utapata yako."

Wa tatu nitamfikia.

Kwa mwaka mzima nilipiga picha kila siku ya mapumziko. Nilipiga mabasi, wazee wanaosubiri treni, mafungu ya mboga, viatu vilivyopangwa nje ya msikiti. Nilijifunza mwanga kuliko wengi wenye vyeti vyake, na nasema hivi bila kumung'unya. Mtu asiyeona rangi huona kivuli. Naona mahali ambapo shavu linageuka, naona mwanga wa dirisha unavyokufa hatua ya pili kutoka ukutani. Picha zangu za nyeusi na nyeupe zilikuwa nzuri, hata mwenyekiti alinyamaza alipoziona.

Ndipo nikaombwa nipige picha za sendofu ya mpwa wake. Sikuombwa kwa sababu waliniamini. Mpiga picha wao alivunjika mguu siku mbili kabla, na mimi sikuwa na gharama.

Anayezijua sherehe zetu anajua sare. Upande wa bibi harusi huchagua rangi yao, upande wa bwana harusi yao, na kila shangazi hushona. Siku ile upande mmoja ulikuwa damu ya mzee, yaani nyekundu iliyokolea, upande mwingine kijani cha chupa. Mungu ana utani wake. Kati ya rangi zote alizoziumba, hizo mbili ndizo zinazonishinda kuliko zote. Nilisimama mbele ya ukumbi nikaona wanawake sitini waliovaa gauni za rangi moja.

Nikaita upande wa bibi harusi. Nikapanga. Katikati nikawaweka mashangazi watatu wa bwana harusi, wakatabasamu kwa adabu wakidhani ndivyo Watanzania wa London wanavyofanya siku hizi. Huo ulikuwa msiba mdogo. Mkubwa ulikuja nilipohariri. Programu ile ina mstari mmoja wenye kijani mwisho huu na waridi mwisho ule, na unausogeza katikati mpaka rangi zitulie. Taa za ukumbi zilikuwa mbaya, nikausogeza. Kwangu sura zilitulia. Nikauweka mpangilio ule ule kwenye picha zote, mia tatu na zaidi, nikazituma kwenye kundi letu la simu, nikaweka chai jikoni nisubiri pongezi.

Chai haikuchemka kabla simu haijaanza.

"Hii ni sendofu au wodi ya homa ya manjano?"

"Mjomba amekuwa rangi ya mlenda!"

"Jamani bibi harusi ameoza au ni macho yangu?"

Na mwenyekiti, kwa ufupi wake: "Kahawa mbichi."

Nilikaa na ile simu mbele yangu nikiangalia picha zile zile, na mbele ya macho yangu bado zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Anayekosea akaona kosa lake anaweza kulisahihisha. Mimi nilikuwa naangalia kosa langu uso kwa uso na silioni.

Mwenye nyumba wangu ndiye aliyeingia jikoni akanikuta hivyo. Alikuwa muuguzi, mjane, Mtanga, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na mimi nilipanga chumba kwake Hounslow. Nilimwita dada. Akaichukua simu, akaangalia, akaziba mdomo.

"Cheka tu, dada."

"Sicheki." Alikuwa anacheka. "Mdogo wangu, kwa nini hukuniita? Nina macho mawili mazima hapa, kazi yake kutazama tamthilia tu. Ungeazima."

Huyo ndiye wa tatu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Southall nikamweleza mzee kila kitu, hata ya kahawa. Hakunionea huruma, na kwa hilo namshukuru. Alitoa kadi ya kijivu, ukubwa wa kiganja, akaiweka juu ya kaunta.

"Sasa sikiza. Wacha kuangalia rangi. Wewe soma. Kila nukta ya picha iko na namba tatu: ya nyekundu, ya kijani, ya buluu. Piga picha ya hii kadi hapo hapo penye watu wako. Kwa kompyuta, weka mshale juu ya kadi. Namba zote tatu zikilingana, taa haijakudanganya. Zikiachana, sogeza mpaka zilingane. Namba haina macho, bwana. Na wewe unajua kusoma, ama?"

"Nina stashahada, mzee."

"Basi soma."

Nikasoma. Nilisoma kama nilivyosoma karatasi za trei. Nikanunua daftari la jalada gumu na kila jioni baada ya kazi nilikaa na dada kwenye meza ya jikoni, nikafungua picha ya uso wa mtu, nikaweka mshale shavuni, nikaandika namba tatu. Yeye akasema anaona nini. "Huyu ni maji ya kunde." "Huyu mweusi tii, mzuri." "Huyu umemtia manjano, mrudishe." Baada ya miezi nikaona sheria ambayo sikuambiwa na mtu yeyote: katika ngozi ya binadamu aliye hai, awe mweusi au mweupe, nyekundu huongoza, kijani hufuata, buluu huburuza mkia. Kijani kikimpita nyekundu, mtu wako amekuwa mlenda. Kwa hiyo sikuhitaji kuona mlenda. Nilihitaji kujua nani ametangulia.

Wale wenye macho mazima hawaijui sheria hiyo, kwa sababu hawajawahi kuihitaji.

Kisha dada akaposwa. Mwanamume mmoja mpole wa Dodoma, naye amefiwa na mkewe, aliyefanya kazi ofisini. Kamati ikakutana sebuleni kwetu, mwenyekiti kwenye kochi kubwa, na walipofika kwenye picha dada akasema, "Mpiga picha ninaye. Anakaa humu humu ndani."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Dada, harusi si mahali pa kufundishia mtu kazi. Nyuso zako zitakuwa kijani mpaka wajukuu."

"Harusi ya nani?"

"Yako, lakini kamati..."

"Sura ya nani?"

Mwenyekiti akakichukua tena kikombe chake.

"Harusi yangu ya kwanza," dada akasema, "mpiga picha alifungua kamera kwenye jua filamu ikaungua yote. Marehemu mume wangu na mimi hatuna picha hata moja ya siku ile. Yule fundi alikuwa na macho mazima, mwenyekiti. Alikuwa anaona rangi zote za Mungu. Sasa hii ya pili nampa huyu."

Akanigeukia. "Na sare nimeshachagua. Kwetu damu ya mzee. Kwa bwana harusi kijani cha chupa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Wajumbe wakatazamana. Nilimfuata jikoni.

"Dada, kuna rangi elfu. Bluu ipo. Manjano ipo."

"Ndiyo hizo hizo zilizokushinda," akasema, akiosha vikombe. "Ukizikimbia kwangu utazikimbia wapi tena?"

Sitadanganya kwamba sikuogopa. Mwanamke aliyekwisha kupoteza picha za harusi moja alikuwa ameweka ya pili mikononi mwangu, na harusi hairudiwi kwa sababu mpiga picha alikosea. Lakini hofu yangu ina tabia moja: hunifanya nifanye kazi.

Nilikwenda kwa fundi cherehani aliyeshona sare nikaomba vipande vilivyobaki baada ya kukata. Alinipa mfuko mzima. Nikabandika kimoja kimoja daftarini, dada akaandika jina la rangi chini yake kwa mwandiko wake wa kiuguzi usiosomeka, mimi nikaandika namba zake: dirishani asubuhi, chini ya taa, kivulini. Hata nyuzi za kushonea niliziandika. Hata tai ya bwana harusi.

Na kosa la mashangazi? Hilo sikulitatua kwa namba. Wiki mbili kabla ya harusi nilipita nyumba za pande zote mbili, nikinywa chai, nikila chapati, nikiuliza nani ni nani. Nilikariri watu sitini na tano. Nilijua nani dada wa nani, nani amenuniana na nani, nani ana goti bovu asiweze kusimama mstari wa nyuma. Nawauliza mabingwa wa London na kamera zao za bei ya gari: nani kati yenu aliwahi kufanya hivyo?

Siku ikafika. Ukumbi ule ule, taa zile zile mbaya. Niliingia mapema nikapiga kadi ya kijivu kila kona. Ulipofika wakati wa picha za familia, mwenyekiti akashika kipaza sauti mwenyewe.

"Haya, upande wa bibi harusi mbele! Mpiga picha, wapange mwenyewe leo, sisi tunaangalia tu."

Wakaja. Nikawatazama mmoja mmoja. Wa nne kutoka kushoto alikuwa mama mnene mwenye bangili, anatazama dari.

"Shangazi," nikamwambia, "wewe ni dada mkubwa wa bwana harusi. Juzi ulinipa sambusa tano ukanikatalia ya sita. Simama kule kwenu."

Ukumbi ulilipuka. Shangazi akacheka mpaka bangili zikalia. "Mimi nimetumwa, mwanangu! Nimetumwa na yule!" Akamnyooshea kidole mwenyekiti, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi na waya wa kipaza sauti.

Nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Nikahariri wiki tatu. Kila uso niliweka mshale shavuni nikasoma namba. Sikumwita dada. Si kwa kiburi, ingawa kiburi ninacho. Harusi ilikuwa yake, na nilitaka azione mara ya kwanza zikiwa zimekamilika. Nikachapisha albamu.

Tulikaa sebuleni Jumapili mchana kuifungua: dada na mumewe, mashangazi, kamati, wake zao. Kurasa zikageuka. Damu ya mzee ilikuwa damu ya mzee. Nilijua kwa sababu mashangazi walishangilia vitambaa vyao. Dada alifika kwenye picha yake akiwa peke yake dirishani, akaipapasa taratibu kwa kidole. Nilianza kupumua.

Ndipo mwenyekiti akafika kwenye ukurasa wake.

"Mmeona?" akasema. "Macho yale yale. Safari hii si kijani, ametutia makaa. Mimi ndio mweusi namna hii? Bwana mdogo, rudi ukatung'arishe. Wenzako wote wanang'arisha."

Watu wawili wakatikisa vichwa kumkubali. Mume wa dada akaivuta albamu aangalie upya, na nikaona shaka ikimwingia usoni. Kivuli nakiona, lakini mimi mwenyewe sikuweza kuiangalia ile picha nikajua kama rangi ile ni ya ngozi yake. Nilikuwa na namba tu. Namba dhidi ya mwenyekiti.

"Njoo dirishani," nikamwambia.

"Kufanya nini?"

"Njoo na mkono wako."

Alikuja kwa kunikomoa. Niliiweka albamu kwenye mwanga wa mchana. Katika picha ile alikuwa amesimama akishika kipaza sauti, mkono mbele, mkubwa, wazi. "Weka mkono wako juu ya huo," nikasema. "Juu yake hasa."

Akauweka. Sebule nzima ilisogea. Mkono wake ulilala juu ya mkono wa karatasi, na kwa jinsi walivyonyamaza nikajua kabla hawajanieleza. Haikuonekana mkono unaishia wapi na picha inaanzia wapi.

Mkewe ndiye aliyevunja ukimya. "Baba watoto," akasema taratibu, "hiyo ndiyo rangi yako. Tangu nikuoe. Wewe ulifikiri una rangi gani?"

Sikuwahi kusikia kicheko kama kile katika nchi ile ya watu wanaocheka kwa pua. Mwenyekiti aliondoa mkono wake, akaurudisha, akauondoa tena. Halafu, nampa haki yake, naye akacheka. "Haya," akasema. "Haya, bwana. Nitumie nakala mbili." Kufikia jioni wanne walikuwa wameniomba niwapige picha za sherehe zao, na wote wanne niliwapa jibu moja: nitawapiga mlivyo. Anayetaka kung'arishwa aende kwa dobi.

Ova taimu ya miezi iliyofuata niliiweka yote upande mmoja. Nilinunua lenzi yangu, mpya, ndani ya boksi lake. Nilinunua kompyuta yangu. Nilikuwa nimeamua kurudi Mbozi moja kwa moja, na kabla sijakata tiketi nilichagua Jumamosi moja ya kurudisha kila kilichoazimwa. Sikutaka kupanda ndege nikiwa na kitu cha mtu.

Asubuhi nilipanda basi kwenda Southall. Mzee aliishika lenzi kwenye taa, akaigeuza huku na huku, akaipulizia pumzi, akaifuta.

"Miaka mitatu," akasema. "Hakuna hata mkwaruzo moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiangusha mara mbili."

Nilimpa pia picha yake niliyoipiga kwa lenzi ile ile, ameinama juu ya kaunta, bisibisi mkononi. Aliiangalia sana.

"Kilemba changu hapa ni rangi gani?" akauliza, ananipima.

Nikamtajia namba tatu bila kusita.

"Sawasawa," akasema, akaitundika juu ya droo ile ile. Kisha akanisindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Rayners Lane, Mkongo wangu alifungua mlango akiwa na jezi. Aliipokea kompyuta akaipima mikononi. "Ndugu, sasa nitaona mpira kwa kitu kikubwa tena! Watoto wamenitesa na simu." Akataka kunirudisha ndani nile. Nikamwambia bado kuna mmoja.

Njiani nilishuka tena Southall, maana dada alikuwa ameniagiza nyanya. Zilikuwa zimemwagwa kwenye meza nje ya duka, mbivu na mbichi pamoja. Wengine walizichagua kwa macho. Mimi nilizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, nikanusa kwenye kikonyo. Muuzaji alinitazama kama mwizi. Sikujali. Nilichukua muda wangu.

Nilimkuta dada jikoni anakata vitunguu, ukutani nyuma yake ile picha ya dirishani. Nikaweka mfuko wa nyanya mezani, na juu yake nikaweka daftari.

"Hili la nini?"

"Macho yako, dada. Nayarudisha."

Alifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga, akalifungua. Kurasa za nyuso na namba. Kurasa za vitambaa: damu ya mzee, kijani cha chupa, tai ya mumewe, uzi. Chini ya kila kimoja mwandiko wake mwenyewe.

"Na wewe utatumia nini huko?"

"Nimeyakariri yote. Niulize."

Aliniuliza. Alifunika namba kwa kiganja, akataja rangi, nikataja namba. Akataja namba, nikataja rangi. Kurasa kumi na moja. Sikukosa hata moja, na mumewe aliyekuwa mlangoni ni shahidi.

Dada akalifunga daftari akaliweka kabatini, pamoja na vyombo vyake vya wageni. Halafu akamimina nyanya mezani, akaanza kuzigeuza moja moja kama mwalimu anayesahihisha. Mbivu. Mbivu. Mbivu. Kilo nzima, zote mbivu, ikabaki ya mwisho. Akaiinua juu, karibu na pua yangu.

"Na hii?"

Nikaishika. Nikaibonyeza. Ilikuwa ngumu kama jiwe, kama nilivyoichagua.

"Hiyo," nikasema, "ni ya mwenyekiti."